Siku Akaunti ya Bi Badili Ilipofungwa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye wengi wenu hamkuwahi kumwona, ingawa huenda kazi yake imewahi kuwafikia wodini. Alikuwa fundi wa kompyuta katika benki ya damu. Kazini walimwita Bi Badili. Alifariki Alhamisi iliyopita, akiwa na miaka arobaini na saba.

Kwa nini Bi Badili? Kwa sababu asubuhi, kabla hata salamu haijakamilika, alikuwa ameshakuuliza, "Umebadili nenosiri?" Mdogo wake ameniambia, huku akicheka na kufuta machozi: "Nyumbani kwa dada, nenosiri la intaneti lilibadilika kila mwezi. Wageni wanapiga hodi, wanasalimia, kisha wanauliza la mwezi huu ni lipi. Mama yetu aliuliza hilo hata kabla ya kuomba maji."

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Benki ile ya damu inahudumia hospitali tisa. Kumbukumbu zake hazikai kwenye kompyuta za ofisini. Zinakaa kwenye kompyuta za kukodi, za mbali, zinazofikiwa kwa intaneti. Mafundi wanasema ziko kwenye wingu. Huko, programu moja inalinganisha damu na mgonjwa. Nyingine inatuma majibu wodini. Kila programu inahitaji ufunguo wa kuingilia, kama mfanyakazi anavyohitaji kitambulisho getini. Na ufunguo huo unapaswa kuwa wa programu yenyewe, kwenye akaunti yake yenyewe. Usiwe wa mtu. Mtu huhama, hustaafu, hufa.

Miaka sita iliyopita, fundi mmoja mzee alistaafu. Akapewa zawadi, picha zikapigwa, na akaunti yake ikafungwa siku hiyo hiyo, maana ndiyo sheria ya ofisi. Kufumba na kufumbua, programu ya kulinganisha damu ikazimika. Kumbe ilikuwa ikiingia kwa ufunguo wa yule mzee! Kwa saa sita wauguzi walikimbia huku na huko na karatasi mikononi. Hakuna aliyepoteza maisha, lakini ilibaki kidogo. Bi Badili ndiye aliyekuwa zamu. Katika kuhaha kule, akaiwasha upya kwa ufunguo wa haraka haraka, uliotolewa kwa jina lake mwenyewe. "Nitarekebisha kesho," akasema.

Kesho hiyo, wasikilizaji, ilichukua miaka mitano. Kazi zikamwandama, na kila programu iliyokwama ikapewa ufunguo wa jina lake. Hadi siku daktari alipomwambia kwamba saratani imeshafika kwenye ini.

Mume wake anasema hakulia siku ile. Alikaa mezani, akachukua kalamu, akaorodhesha programu zinazoishi kwa jina lake. Kumi na moja. "Nikamwambia, mke wangu, pumzika, kazi waachie wenzako. Akanitazama. Akasema, 'Baba watoto, siku nikifa watafunga akaunti yangu, na damu itasimama. Mimi sitaki kuondoka na mtu.'"

Mkuu wake wa kazi alijaribu kumwonea huruma. Akamwambia akaunti yake itaachwa wazi, hata baada ya... Hakumalizia. Bi Badili akammalizia. "Baada ya kufa kwangu, bosi. Sema tu. Mwizi akiingia kwa jina langu, nani atashtuka? Au mtasema marehemu kaamka kuja kazini?" Mkuu akacheka bila kutaka. Ruhusa ya kuzipa programu funguo zake zenyewe ikatoka.

Kwa miezi minane alikwenda kazini na mto wa kuegemeza mgongo. Programu moja baada ya nyingine, akaipa akaunti yake yenyewe. Inayosoma, isome tu. Inayoandika, iandike panapoihusu, basi. Na ufunguo usikae kwenye faili ambalo mtu anaweza kulinakili. Programu iombe ufunguo mpya yenyewe, udumu saa moja, kisha usifae tena. Fundi mwenzake aliwahi kubandika ufunguo kwenye kundi la simu la ofisi, ili kurahisisha mambo. "Chai ilikuwa mdomoni," anakumbuka. "Kabla sijaimeza, ameshaufuta ule ufunguo. Kugombezwa kukafuata, na hakuwa na dogo."

Zikaisha zote kumi na moja. Wenzake wakapiga makofi. Yeye akasema bado. Jumanne moja mchana, akataka akaunti yake ifungwe kwa majaribio. Dakika ya tatu, kioo cha kompyuta kinachoonyesha joto la majokofu ya damu kikawa tupu. Kulikuwa na ya kumi na mbili! Ufunguo wake alikuwa ameuandika yeye mwenyewe ndani ya programu ile, mwezi wake wa kwanza kazini, akausahau. Angeweza kunyamaza. Kwenye ripoti akaandika, "Kosa ni langu," akaweka na sahihi. Wakaifungua tena akaunti, na kwa wiki tatu nyingine aliirekebisha programu ile akiwa kitandani. Mwenzake akiandika, yeye akisoma kila mstari, kwa sauti iliyokwisha.

Alhamisi asubuhi akafariki. Saa nne kamili, akaunti yake ikafungwa. Ofisi nzima ilisimama mbele ya vioo. Dakika moja. Dakika tatu. Dakika kumi. Hospitali moja ikaomba damu kwa mama aliyekuwa akijifungua. Mifuko miwili ikalinganishwa, ikatoka. Majokofu yakaendelea kuonyesha nyuzi nne.

Fundi mwenzake akapiga simu msibani. Mume akapokea, roho juu. "Kumetokea nini?"

"Hakuna kilichotokea, shemeji. Hakuna kabisa."

Hapo ndipo mume wake alipolia.

Kwa mume, watoto wawili, mama mzazi, mdogo wake na wenzake wote kazini: poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Mimi nimeona na aibu pia. Nenosiri la studio hii lilikuwa kwenye karatasi, chini ya kibodi, mwaka wa nne sasa. Nimelibadili leo, na karatasi nimeichana. Nawe unayenisikiliza, jiulize: ni kitu gani kitasimama siku usipokuwepo? Kitafute leo. Usiseme kesho.

Na yule mama wa mifuko miwili ya damu? Ametoka hospitali jana, amembeba mwanawe. Hakuna aliyemweleza chochote, kwa sababu hapakuwa na la kumweleza.