Kijiko cha Jirani katika Sufuria ya Khoo Saw Imm

Ndugu waombolezaji, majirani wa mtaa wa Pulau Tikus, na wateja mlioacha kazi zenu asubuhi hii ya Jumamosi, mimi ni Khoo Beng Teik, mdogo wake marehemu, na familia imenipa jukumu la kusoma maisha yake, jukumu ambalo mpaka juzi nilidhani ninalistahili.

Marehemu Khoo Saw Imm alizaliwa tarehe 11 Februari 1951 hapa hapa kisiwani Pulau Pinang, mtoto wa kwanza wa mzee Khoo Eng Hoe, mpakuzi wa magunia bandarini, na mama Yeoh Siew Kim, aliyeuza tambi kwa kuzibeba begani kwa mti, sufuria upande huu, bakuli upande ule. Alisoma shule ya msingi ya Kichina ya mtaani kuanzia mwaka 1958 hadi 1962, akaacha ili mimi nipate kusoma, jambo ambalo hakuwahi kunikumbusha, nami sikuwahi kulitaja hadi leo.

Tarehe 3 Juni 1974 alipata kibanda chake katika mkahawa wa kona, akapika tambi kwa mchuzi wa tui la nazi, pilipili, kombe wa baharini na kamba wakavu, juu ya moto wa mkaa, bakuli moja senti sitini, na hadi mwezi uliopita aliuza ringgit tano wakati wenzake wamefika nane, kwa sababu, alivyozoea kusema, "Mpakuzi akishindwa kula hapa, mimi napikia nani?" Mezani pake meneja wa benki alikaa bega kwa bega na dereva wa teksi, wote jasho likiwatoka puani, wote wakivuta tambi kwa kelele bila haya, wote wakiinua bakuli kumalizia mchuzi.

Lakini tusidanganyane mbele ya jeneza, dada yangu alikuwa mtu wa shaka, na sisi kina Khoo ndivyo tulivyo, mimi mwenyewe nikiwa nimefanya kazi forodhani miaka thelathini na mmoja nikifungua masanduku ya watu. Aliamini kwamba tambi huliwa zikiwa moto, kwa hiyo anayekula polepole ni mpelelezi aliyetumwa kuchunguza mchuzi, na kwa ajili ya watu wa namna hiyo aliweka sufuria ndogo pembeni, mchuzi usio na kamba, chumvi tele. Mwaka 1978 alikuja karani wa posta, Ooi Chin Leong, akala polepole mno, akapakuliwa mchuzi wa sufuria ndogo, akarudi kesho yake, akapakuliwa tena, miezi minane mfululizo, naye kila siku akimaliza bakuli, mpaka Saw Imm akamfuata mezani akamwuliza, "Wewe, nani kakutuma?" naye akajibu, "Sijatumwa, meno yangu mabovu. Na mchuzi wako mbaya, dada, ila mpishi namtaka." Walifunga ndoa tarehe 18 Novemba 1979, wakajaliwa binti mmoja, Ooi Pei Shan, aliyezaliwa tarehe 6 Agosti 1982, na Chin Leong alitutangulia mwaka 2011.

Mwezi Septemba 2021 marehemu aliugua homa kali, akapona, tukashukuru. Baada ya hapo nikaona jambo lisiloniingia akilini, kwamba chakula anachopika nyumbani kwake kilikuwa chumvi tupu, hakiliki, huku mchuzi wa kibandani ukiwa ule ule wa siku zote, nikajiambia hapa pana mkono wa mtu.

Ninyi nyote mnajua kwamba katika mikahawa yetu kila kibanda kina chakula chake, na kijiko cha jirani hakiingii katika sufuria yako. Asubuhi ya tarehe 9 Januari 2023 nilijibanza nyuma ya kreti za soda, nikamwona bibi Tan Gaik Kheng, muuza popia, zile chapati nyembamba za kukunjiwa mboga, wa kibanda cha pili, jirani yake wa miaka ishirini na sita, akichovya kijiko katika sufuria ya dada yangu, akionja, akimnong'oneza, naye dada akiongeza hiki na kile. Nikasema mwizi wa mapishi nimempata. Nilichukua kiti, nikakiweka katikati ya vile vibanda viwili, nikakaa hapo siku nne Gaik asisogee, na kwa siku hizo nne wateja waliacha bakuli nusu, mmoja akapaza sauti, "Saw Imm, leo umechota maji ya bahari?" na dada yangu akalia mbele ya watu. Siku ya tano alikitupa kiti changu barabarani akaniambia, "Toka hapa! Nenda kapekue masanduku!" Mimi nikaamini kwamba Gaik amemlisha kitu, nikasusa, sikula tena tambi za dada yangu, mwaka mmoja na miezi minne, mpaka akafa.

Tarehe 5 Mei mwaka huu wa 2024 moyo ulimzidi, akalazwa hospitali siku tisa, na siku zote tisa mimi nilikaa mlangoni pa wodi nikamzuia Gaik asiingie. Dada aliniuliza mara tatu, "Gaik yuko wapi?" nikamjibu, "Ana wateja." Alifariki Jumanne tarehe 14 Mei, saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Juzi Alhamisi mchana Pei Shan alipika mchuzi wa mama yake ili waombolezaji wale, akifuata karatasi aliyoandikiwa na mama mwenyewe, hakuruka hata mstari, na mchuzi ukatoka kama maji ya kuoshea vyombo. Gaik alikuwa amesimama kizingitini, maana ndani nilimkataza, akaomba kijiko, akaonja, akasema, "Kamba hawajaiva, na tui mmelitia mapema." Nikamrukia, "Umejuaje, kama hukuiba?" Akanijibu taratibu, "Kaka Teik, tangu ile homa dada yako hakuwa anasikia ladha. Chumvi, sukari, kwake yote sawa. Mimi nilikuwa naonja, namwambia. Alichotia humo sijui mpaka leo, sikuwahi kumwuliza. Aliniapisha nisimwambie mtu, hasa wewe. Alisema ukijua utamfungia kibanda."

Sikumwamini. Nilikwenda kumwuliza daktari, akafungua faili, na humo yameandikwa hayo hayo. Na ni kweli, ndugu zangu, ningemfungia kibanda, na ninaona aibu kubwa kusimama hapa.

Kwa niaba ya familia ninawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotandika viti, wachuuzi wenzake waliozima mioto yao siku tano, na wateja wake wote, hata wale wa sufuria ndogo. Gaik, umeketi huko nyuma karibu na lango kwa sababu mimi ndiye niliyekuweka huko, nakuomba radhi mbele ya watu hawa, njoo ukae na familia. Pei Shan ana karatasi, wewe una ulimi, siku arobaini na tisa za matanga zikiisha kibanda kitafunguliwa ukikubali, na usipokubali kitakufa, na lawama ni yangu.

Dada, uliniuliza mara tatu nami nikakudanganya mara tatu. Gaik hakuwa na wateja, alikuwa nje ya mlango, amesimama, siku zote tisa. Sasa umejua, lala kwa amani.