Anza na Mama Yake

Muheshimiwa Shefu, mukubwa wa kartie yetu, Bwana Direkta, Pasta wetu, walimu, wazazi wenzangu, na nyinyi watoto mulioketi juu ya mawe kwa sababu viti tumewapa wakubwa: amani kwenu wote.

Jina langu ni Umuhoza, lakini hapa wote munaniita Mama Ushindi. Komite ya wazazi imenituma nimuage Madamu Athanasie, mwalimu wa darasa la nne, anayerudi Rutshuru kumutunza mama yake mugonjwa. Waliniomba niseme maneno mafupi. Waliponichagua walinijua, basi wavumilie.

Wazazi, nani kati yetu hakushangaa aliposikia ile devoir ya Madamu ya kufanyia nyumbani? Kila Ijumaa, mistari mine ya shairi: mutoto asifu kitu cha nyumbani kwao, na mutu wa nyumbani amusaidie. Wengine walisema, ee, hesabu zimewashinda, sasa wanaimbia sufuria! Papa Prodige, usiinamishe kichwa, nilikusikia.

Sisi tunaishi na baba mukwe wangu, Muzee Munyakazi. Ndiye yule pale mwenye kofia, anayejifanya hanisikii. Kule Masisi, harusi haikuwa harusi mpaka Munyakazi asimame kusifu ng'ombe za mahari. Tulipokimbia, ng'ombe zake zikapotea zote, na sauti yake ikabaki hukohuko. Hapa Goma watu walikuja kumuomba asimame kwenye harusi zao, akawajibu, “Nisifu nini? Ng'ombe iko wapi?” Ushindi wetu alizaliwa hapa. Hakuwahi kumusikia babu yake akisifu hata siku moja, na mimi niliogopa sana kwamba tutamuzika muzee huyu mutoto akiwa hajamusikia.

Ijumaa ya kwanza Ushindi alichagua bidon yetu ya kuchotea maji. Tukaandika pamoja kando ya jiko la mbabula, mimi nikichochea moto wa makala: “Bidon ni ya njano. Bidon ina maji. Bidon ni nzito. Bidon, asante.” Nikaona tumemaliza, tena vizuri! Muzee akaguna kwenye kona yake.

“Munaisifu, ama munaiandikia ripoti ya polisi?”

Nikamwambia, “Papa, ni bidon tu.”

“Hata kama ni bidon. Kitu ukikisifu, anza na mama yake. Mama yake ni nani?”

Ushindi, anayemuita babu yake Sogokuru, alicheka mpaka kalamu ikaanguka. “Sogokuru, bidon haina mama!”

“Ilitoka wapi basi? Ilinyesha na mvua?”

Ilitoka sokoni, ikiwa bado inanuka mafuta ya mawese. Muzee akasogeza kiti, akafunga macho, na mutoto akaandika:

*Binti wa mafuta ya mawese, wewe mwenye shingo fupi,*
*unashuka ziwani mwepesi kama mutoto aliyeruhusiwa kucheza,*
*unapanda kilima umeshiba, haumwagi hata tone;*
*siku usipokuja, chai ya mama ni maneno matupu.*

Chakula kiliungua, na mimi sikujali. Jumatatu Madamu aliuliza darasani ni nani aliyemusaidia Ushindi, akamutuma amushukuru. Salamu ile Muzee alitaka irudiwe mara tatu, eti masikio yake ni mabaya.

Baada ya hapo mbabula ilisifiwa. Chukudu ya baba Ushindi, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ilisifiwa pamoja na mama yake, muti wa Masisi. Halafu Jumapili moja, tukiwa tunakula sombe, mutoto akauliza tu, “Sogokuru, na ng'ombe yako, mama yake alikuwa nani?” Miaka yote hiyo sisi wakubwa hatukuthubutu kuuliza. Muzee akaweka kijiko chini. “Gaju,” akasema, “binti wa Bihogo.” Akaendelea mpaka chakula kikapoa. Mume wangu alitoka nje, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni moshi.

Madamu Athanasie, moshi gani? Mbabula ilikuwa imezimika! Ni wewe uliyetufanyia hayo, kwa mistari mine ya Ijumaa, na pengine ulidhani unawafundisha watoto peke yao. Ulituketisha na watoto wetu. Ulinirudishia baba mukwe niliyesimuliwa tu siku ya kuolewa hapa Goma. Nakushukuru, na nyumba yangu yote inakushukuru.

Wiki hii Ushindi alikuja kukuuliza jina la mama yako. Ulimujibu, Donatille, na naamini ulishangaa: hawa wanamutakia nini mama yangu? Ni Muzee aliyemutuma.

Papa, micro ya kusemea ndiyo hii. Asubuhi nilikuuliza kama utasimama, ukanijibu, “Tutaona.” Basi watu wamekaa, na binti wa Donatille anasafiri kesho. Ushindi, mushike babu mukono.

Ndugu zangu, asanteni kwa kunisikiliza mimi. Sasa mumusikilize yeye.