Printa ya Dada Siok-hun Imegoma

Benchi lililo nje ya duka la Siok-hun, mjini Tainan, halikosi watu asubuhi. Yupo Waya, aliyepanda nguzo za simu mpaka akastaafu, na yupo Hakimu, ambaye hajasoma sheria lakini hukumu hazimwishi. Siku ile kahawa ilikuwa tayari, ila mwenye duka hakuwa na hamu nayo. Fomu ya kuomba kibanda kwenye sikukuu ya hekalu ilitakiwa ifike ofisini, kwenye karatasi, kabla ya saa sita mchana, na ilibaki nusu saa. Miaka ishirini na sita Siok-hun ameuza keki zake za magimbi pale pale langoni. Sasa kompyuta iko mezani, printa iko kando yake, na fomu haitoki.

— Umeizima ukaiwasha? — aliuliza Waya.

— Mara tatu, kaka.

— Nenda kachapishe duka la kona.

— Wanabadilisha sakafu. Wamefunga tangu jana.

Hakimu aliinuka kuikagua pakiti ya vitafunwa iliyokaa juu ya printa, kama inavyokaa juu ya kila mashine mtaani kwa imani kuwa mashine itashika adabu.

— Ahaa! Umeweka ya njano! Kijani ndiyo ruhusa, dada, kama taa za barabarani. Njano ni ngoja. Nayo inangoja!

— Za kijani ziliisha.

— Upuuzi, — alisema Waya. — Ni ule ukuta wa kinga ndani ya kompyuta. Umeiona fomu ukadhani ni mwizi.

— Nimeuzima, kaka. Bado.

— Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji, — Hakimu alitamka.

— Hapo mgema ni nani?

— Printa! Juzi dada aliisifu mbele yangu.

— Basi nisikilizeni mimi, — alidakia Waya. Mashine hizi husemezana kwa hewa. Hiyo feni inapeperusha maneno!

Wakazima feni. Jasho likawatoka. Siok-hun akabonyeza tena, mara ya tisa. Kimya.

Ndipo akaingia Iok-tsu, tarishi wa posta, na barua ya kutiwa saini. Akatupia jicho kwenye kioo cha kompyuta.

— Mama, mbona hii inaonyesha mvua ya Osaka, na hapa jua linawaka?

Waya akamtazama Hakimu. Hakimu akatazama kikombe.

Siok-hun alihisi masikio yakiwaka moto. Jana aliwasha VPN, kama bintiye alivyomfundisha, kompyuta ionekane iko Osaka, Japani, na tamthilia ya huko ifunguke. Hakuizima. Kumbe maneno yote ya kompyuta yalikuwa yanapelekwa Osaka, na printa iko hapa, shibiri moja tu!

Akaizima. Printa ikakohoa, ikatema fomu. Kisha nyingine, na nyingine, mpaka zikatimia tisa. Alinyakua moja, akaijaza kwa kusimama, akadandia skuta.

— Dada, ulikuwa unatazama nini huko Osaka? — Waya alipaza sauti.

— Mjane na mpishi wake! Ukimwambia mtu, keki huonji!

Saa sita kasoro dakika nne, karani wa hekalu aligonga mhuri. Siok-hun akashusha pumzi, akageuka. Nyuma yake alisimama Hakimu, anahema, na moja ya zile fomu nane mkononi.

— Na mimi naomba langoni, — alimwambia karani. — Keki kavu kavu zitashukaje bila kahawa?