Wazo Moja la Stanislas Kilufya

Mupadri, bajirani, na bote mulioacha kazi juu ya kilio hiki, mimi niko Adalbert, mudogo wake wa tumbo moja, na jamaa imenipa karatasi hii nisome, ingawa nilibakatalia mara mbili.

Stanislas Kilufya alizaliwa Kilwa ya huku kwetu tarehe 3 mwezi wa tano 1908, baba akamuleta hapa Élisabethville mu 1917, akasoma kwa bamisionere mupaka 1925, na tarehe 1 mwezi wa pili 1926 akaingia kazi ya karani mu gare, stesheni ya treni, upande wa mizigo ya kwenda Sakania, akaifanya miaka kumi na nane.

Tarehe 12 mwezi wa nane 1931 alimuoa Albertine, munayemuona pale kwenye mukeka, bakazaa Virginie, Clément na Agnès.

Mu 1935 musafiri mumoja alimuachia kitabu kidogo cha Esperanto, luga iliyotungwa ili bantu ba inchi zote basikilizane, na yaya, mukubwa wangu huyu, akaipenda mupaka tukamucheka, juu mule hakuna, kama mu Kifaransa, "tu" ya kuambia muntu mweusi na "vous" ya kuambia muzungu, kuko "vi" moja kwa bote. Kwake hukupata bukari, ugali wetu, bila kusema "bonvolu", tafadhali, na ukishapewa "dankon", aksanti, na kwenye mulango aliandika "Bonvenon", karibu, bajirani bakaanza kumuita Albertine, mulamu wangu, Mama Bonveno.

Tarehe 9 mwezi wa sita 1944, wakati wa vita, wakubwa banaogopa kila karatasi, barua yake ya kukaribisha rafiki wa Uswisi ilifunguliwa, nami, juu yaya alikuwa amenifundisha luga ile kidogo, nikaitwa mu biro moja ya serikali niitafsiri. Ilianza: "Bonvenon, samideano." Bale ba luga ile banaitana samideano kwa heshima tu, vile sisi tunavyosema ndugu, lakini mimi, kwa kutaka kuonyesha akili, nikalivunja neno vipande nikasema: mwenzetu wa wazo moja. Mukubwa akaacha kuandika, akauliza: "Wazo gani?"

Nikanyamaza. Niliogopa, bandugu, nikanyamaza.

Bakaona ni wazo la kupinga serikali, yaya akapelekwa kifungoni mbali miaka mitano, akarudi 1949 na kifua kibovu, akalazwa tarehe 20 mwezi wa kwanza mwaka huu, akafariki juzi, tarehe 14 mwezi wa tatu 1951, saa tisa ya mchana, mukono wake mu mukono wa Agnès. Hakunilaumu hata siku moja, na ile ndiyo inaniua.

Tunashukuru munganga na bamasela, masista ba hospitali, bajirani mulioleta maji na unga, na bakarani ba gare mulionunua sanduku.

Na lile swali la mukubwa, ninalijibu leo mbele yenu, miaka saba imepita, ingawa jibu halimusaidii tena: wazo lake lilikuwa muntu akikuja umupokee, akikupa umushukuru, na asiwe mudogo mbele yako. Hakukuwa na lingine.

Lala na amani, yaya. Mimi sina yangu.