Mama Mirija Anakabidhi Simu

Nesi wetu, Mama Mirija, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja katika wodi ya watoto wenye maji kichwani. Amechoka. Ameniomba nisimpambe, nami sina nguvu za kupamba: sisi tunaobaki tumechoka pia, na nafasi yake bado haijapata mtu.

Jina hilo alipewa na wazazi wanaolaza watoto hapa. Watoto wao huwekewa shanti, mrija mwembamba unaopita chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni, kupunguza maji yanayozidi kwenye ubongo. Mtoto hukaa nao maisha yake yote, na wakati mwingine huziba. Ukiziba, mtoto hutapika, husinzia, macho huangalia chini, na hapo hakuna cha kusubiri kesho. Kwa hiyo Mama Mirija hakumruhusu mzazi aende nyumbani kabla hajagusa kwa kidole chake kile kinundu cha mrija nyuma ya sikio la mtoto, na kabla hajaitaja namba ya simu ya Mama Mirija bila kusoma popote. Kadi hulowa, alisema, na simu huibiwa. Wodi ilisikika kama darasa la kwanza.

Utaratibu huo ulimponyoka mara moja. Baba mmoja, fundi seremala, kwa hofu alitaja namba yake mwenyewe, tena bila kukwama, na Mama Mirija, aliyekuwa ameunganisha zamu, akamsifu na kumruhusu. Baada ya wiki chache mtoto akaanza kutapika. Fundi akapiga. Namba inatumika. Akapiga tena, inatumika. Akamwambia mkewe nesi ana watu wengi, wawe na subira. Asubuhi nzima alijipigia mwenyewe, mpaka shemeji yake alipochungulia ile simu, akamnyanyua mtoto na kuja naye mbio. Mtoto alipona, na siku hizi anamsumbua baba yake karakanani. Sisi hucheka kila tukikumbuka. Mama Mirija hajawahi kucheka. Tangu hapo mzazi hupiga palepale kando ya kitanda, simu iite mfukoni mwa Mama Mirija ndipo aende, naye Mama hajaizima tena.

Imeita kwenye harusi ya bintiye, imeita msibani, imeita bafuni. Mumewe husema yeye ni mume mdogo tu, mkubwa ni simu.

Tulipomwambia laini ibaki wodini, aligoma. Alisema sisi hupokea simu kwa kujivuta, na kwa hilo hakutusingizia. Lakini mikono yake inatetemeka sasa, na bintiye alikuja kutuomba, machozi yakimtoka, tumnyang'anye. Ijumaa iliyopita aliitoa mfukoni, akaiweka kwenye meza ya dawa, akaondoka bila kuaga.

Jumapili, kazi zikiwa zimetuzidi, ikaita. Niliikimbilia na glavu mkononi. Upande wa pili kimya, pumzi tu. Nikauliza kama mtoto anatapika, kama anasinzia, macho yakoje. Kisha nikaijua pumzi ile. Alikuwa yeye, kwa simu ya mumewe, anatupima. Akasema haya basi, akakata.

Asante, dada, kwa kila simu uliyopokea. Hizi nyingine ni zetu. Tunakutakia usingizi mnono.