Matabishi ya Kaswera

Bajukulu, mukaribie hapa ku moto, na ule anayeshika telefone aizime kwanza. Munyamaze. Masikio inasikiaka muzuri wakati kinywa imefungwa. Ninataka kuwaambia habari ya banc, kile kiti kirefu ya mbele ya mulango wangu, hapa Bungulu, pale niliuzishaka kahawa. Kila samedi, jumamosi ya soko, batatu balikuwa banaikaliaka. Wa kwanza Lusenge, bwana ya Kaswera. Tulimuita Kadena, ni kusema kufuli, sababu alifungaka hata nyumba ya kuku na funguo mbili. Wa pili Valère, tulimuita Maître, sawa wakili, hajaingiaka tribunal mais anateteaka kila kesi. Wa tatu Grady, soda, ni kusema askari, mutu wa Kinshasa, tulimuita Sergent. Ile samedi Kadena alifika na uso ya mvua.

— Leo Kaswera hapana kwenda soko. Nimemukataza.

— Kwa nini, papa? nikamuuliza.

— Samedi iliyopita nilichungulia mu kitunga yake. Maharagi, kopo moja tu alinunua. Lakini matabishi ya juu, ile ya bure, ilikuwa mulima! Na ndizi. Na majani ya sombe. Mutu akimuongezea bibi ya mwenzake vile, anatafuta nini?

Maître akapuliza kahawa yake.

— Bazee balisema: haba na haba hujaza kibaba. Donc leo maharagi, kesho kuku, kesho kutwa bibi mwenyewe.

— Methali haisemi vile, Maître.

— Mama, wewe mimina tu.

Sergent akasogea karibu.

— Ndeko, ndugu yangu, anarudiaka namna gani?

— Anacheka! Kamba ya kitunga ku paji ya uso, muzigo unamuvuta nyuma, na anacheka peke yake mu njia! Anaingia, ananiangalia, anacheka tena.

— Basi iko dawa mu ile maharagi. Mutu akiikula, anapenda soko.

— Lakini na mimi nilikula!

— Njo maana tangu asubui unazungumuzia soko tu.

Kadena akaweka kikombe chini, pole pole, sawa kina moto.

— Miye naona mbali zaidi, Maître akasema. Ule mutu amekwisha kumujengea nyumba kule Mabalako, kwenye ile maharagi inatokaka. Ya manjanja mupya, bati yenye kungaa. Samedi Kaswera hauzi, hanunui. Anachagua rangi ya mulango.

— Rangi gani?

— Bleu.

— Eeh! Kaswera anapenda bleu!

— Unaona!

— Njo mwisho, Kadena akasema. Leo magaribi ninamurudisha kwa baba yake, Butembo. Afunge virago.

Mimi nikaweka birika chini. Batoto tano balizaliwa mu ile nyumba.

Palepale pikipiki ikasimama. Akashuka mwanamuke, mutoto ku mugongo, kitunga mu mukono, vumbi ya njia mpaka ku magoti.

— Bazee, jambo yenu. Kwa Kaswera ni wapi? Miye Kanyere, wa maharagi, wa Mabalako.

Batatu bote bakageuka kumuangalia.

— Nimemungojea mpaka soko ikapunguka. Kila samedi anakujaka kukaa na miye. Anamubeba huyu mutoto, ananichambulia maharagi, na anaigaka bwana yake vile anafungiaka kuku: «Wewe jogoo, ulikuwa wapi? Na nani?» Soko yote tunakufa na kicheko! Njo maana ninamuongeza muzuri, ni jasho ya mikono yake. Leo hakuonekana. Iko mugonjwa?

Kadena akamuangalia Maître. Maître akaangalia ndani ya kikombe. Sergent akainama kufunga kiatu, na kiatu kilikuwa kimefungwa.

— Bazee, ninauliza. Iko mugonjwa?



Kadena akasimama. Akachukua kitunga ya Kanyere, akapitisha kamba ku paji yake mwenyewe, sawa mwanamuke, mbele ya batu ya quartier nzima, akatangulia njia. Kisha kidogo tukasikia Kaswera kule ndani ya nyumba yao: kicheko, ile ya soko kabisa.

Lusenge alituacha miaka ya nyuma, muzee, ku kitanda yake. Kitunga na kamba ya Kaswera alirithi Victoire, binti yake, na kicheko ya mama juu yake. Nafasi ya katikati ya banc alirithi Sergent. Na ile kadena kubwa ya nyumba ya kuku? Alirithi Maître. Ameoa mwaka uliopita, na kila samedi ananiuliza: mama, nani anauzishaka ndizi kule soko?