Chandarua cha Shangazi na Uso wa Bibi

Mheshimiwa Mwenyekiti wetu wa Mtaa, Mama Leticia. Wazazi wetu wa pande zote mbili. Bibi yangu kipenzi, Bi. Ummy, Shangazi Siwema, majirani wa Magomeni na wafanyabiashara wenzetu wa Kariakoo, nanyi nyote mlioacha shughuli zenu kwa ajili yetu: wakubwa shikamooni, wenzangu habari za mchana.

Mimi ni Najma, mke wa Hafidhi. Mnivumilie, ndoa yangu ina miezi mitano tu, na kila nikilitamka neno hilo "mke" nacheka mwenyewe. Leo tunafungua studio hii ndogo ya picha, na nimeombwa niseme machache kuhusu mwenye studio. Machache? Nitajaribu.

Wengi mmeuliza kwa nini tumechelewa, wakati kibao cha studio kilikuwa tayari tangu wiki ya harusi, kimelala uvunguni. Siku ya posa Bibi alimuuliza Hafidhi mbele ya wazee, "Kijana, kazi yako nini?" Akajibu, "Napiga picha za watu, Bibi." Bibi akasema, "Nina miaka sabini na sita, sina picha hata moja inayofanana na mimi. Wapiga picha wote wananipaka weupe." Hafidhi akaahidi pale pale kwamba hatatundika kibao mpaka Bibi aione picha yake na kusema, "Huyu ni mimi."

Jamani, nani alimtuma?

Picha ya kwanza aliipiga chumbani kwetu, taa kali moja kwa moja usoni. Bibi akatoka kama aliyeangukia gunia la unga. Akauliza, "Huyu nani?" Mara ya pili taa ikapanda juu karibu na dari, macho yakawa mashimo mawili. "Hafidhi mwanangu," Bibi akasema, "mimi sijafa." Siku ile mume wangu hakugusa chakula. Nilimkuta kitandani anawasha taa na kuizima, nami nikazidi kumpenda, maana ni wanaume wangapi wanaosusa wali kwa ajili ya uso wa bibi wa mke wao?

Shangazi Siwema, hapa ndipo ninapoomba radhi. Kile chandarua cheupe ulichotuzawadia harusini, ambacho kila ukipiga simu unauliza kama tunakitumia, nami najibu, "Kila siku"... Shangazi, nilikikata. Asubuhi moja niliona jua limepenya kwenye chandarua likamwangukia Hafidhi usoni, taratibu, na rangi yake ikabaki ile ile iliyonichanganya akili. Nikamwamsha: "Mwanga wako ndio huu!" Akasema, "Wewe, Shangazi atatuua." Nikachukua mkasi.

Tulikikunja mara tatu, tukakining'iniza mbele ya taa. Taa tukaiweka ubavuni pa Bibi, na upande wa pili nikashika kifuniko cheupe cha boksi la samaki, ili mwanga urudi kidogo shavuni. Nilinuka samaki siku nzima. Hafidhi akasema nanukia.

Ndugu zangu, picha hiyo ndiyo iliyofunikwa kanga pale ukutani. Juzi Bibi aliishika kwa mikono miwili. Akagusa kovu la kidevuni, kwanza kwenye karatasi, kisha kwenye ngozi yake. Akasema, "Huyu ni mimi. Kitundikeni kibao chenu." Hafidhi akatoka haraka, eti anakwenda kufunga bomba la uani. Uani kwetu hakuna bomba.

Hafidhi wangu, unamtazama mtu mpaka afanane na mwenyewe. Nitazame hivyo hivyo hata nikifika umri wa Bibi.

Mama Leticia, asante kwa kuja kutukatia utepe. Shangazi, asante kwa chandarua. Mbu wa hapo jirani Jangwani nao wanakushukuru sana. Nanyi nyote, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu.

Sasa Bibi, tafadhali, vuta hiyo kanga.